Kinyonga anayebalehe: Kwa nini huhangaika na jinsi ya kumtunza

MISIMU ya mvua inapowadia na majani kuchipuka katika tambarare za Athi na Kapiti, vinyonga huonekana kwa urahisi kwenye nyua na vichaka vinavyozunguka makazi ya Lukenya, Kaunti ya Machakos. Baadhi ya watoto huwaokota wakiwa wachanga, wakawatia katika katoni au debe la plastiki na kuwafuga.

Miezi michache baadaye, kiumbe aliyekuwa mtulivu hubadilika. Hupanda na kushuka kutwa nzima, huvimba, huachama kinywa, hutoa sauti ya kuzomea na hata kukataa chakula. Wenye nyumba hudhani amekuwa mkali au ameugua.

Mara nyingi sivyo. Kinyonga huyo amefikia umri wa kubalehe, na anachokitafuta hakimo ndani ya katoni.

Ni kinyonga yupi?

Katika savana na maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya, spishi iliyoenea zaidi ni ile ambayo wanasayansi huiita Chamaeleo dilepis. Hutambulikana kwa mikunjo miwili ya ngozi iliyo nyuma ya kichwa, ambayo huisimamisha anapotishwa. Dume ana kichomozo kidogo kwenye kisigino cha mguu wa nyuma, jike hana.

Katika nyanda za juu zenye baridi, zikiwemo sehemu za Nairobi na Mlima Kenya, hupatikana kinyonga wa Jackson, Trioceros jacksonii, ambaye dume lake lina pembe tatu. Tofauti kubwa kati yao ni kwamba yule wa savana hutaga mayai, ilhali wa Jackson huzaa watoto walio hai.

Chanzo cha kuhangaika

Kinyonga wa savana huweza kubalehe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika kipindi hicho, mambo manne humwondolea utulivu.

La kwanza ni upweke wake wa kimaumbile. Kinyonga huishi peke yake. Vinyonga wachanga huweza kuvumiliana kwa wiki kadhaa, lakini wanapobalehe kila mmoja humwona mwenzake kuwa adui. Hata kivuli chake mwenyewe kwenye kioo humtia hofu, akadhani kuna mpinzani asiyetoka.

La pili ni hamu ya kutafuta mwenzi, ambayo humfanya dume atembee huku na huko. La tatu ni ngozi. Kinyonga anayekua hujivua ngozi mara nyingi kuliko mzee. Siku hizo rangi yake hufifia, hujisugua kwenye vijiti na huenda asile. Ngozi hiyo haifai kuambuliwa kwa mkono.

La nne ni haja ya jike kutaga. Jike aliyekomaa huweza kufanya mayai hata kama hajakutana na dume.

Rangi nayo ni lugha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva nchini Uswisi, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kinyonga hubadili rangi kwa kupanga upya fuwele ndogo mno zilizo ndani ya seli za ngozi yake. Rangi inayokoza na kuwa nyeusi mchana huweza kumaanisha hofu, hasira au baridi. Rangi inayopauka usiku akiwa amelala ni jambo la kawaida.

Makao, jua na maji

Makao bora ni kizimba kirefu cha wavu laini, chenye matawi ya kupanda na majani ya kujifichia. Kioo na plastiki huzuia hewa na kuhifadhi joto. Kizimba kiwekwe mahali pa juu, kwa kuwa kinyonga huogopa kitu kinachomjia kutoka juu kama afanyavyo ndege anayemwinda.

Jua ni sharti. Miale ya urujuanimno huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha kutumia madini ya kalsiamu kujenga mifupa. Miale hiyo huzuiwa na kioo cha dirisha, hivyo kinyonga anayewekwa sebuleni karibu na dirisha hupata mwanga bila kupata manufaa hayo. Mifupa ya kinyonga anayekua ikikosa kalsiamu hulainika na miguu kupinda.

Hata hivyo, sehemu ya kizimba lazima iwe na kivuli wakati wote. Kinyonga hutegemea mazingira kupata joto au ubaridi, na akikosa pa kukimbilia jua kali huweza kumuua kwa muda mfupi.

Maji yasitegemewe kutoka bakulini, kwani kwa kawaida kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani. Inafaa majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni.

Chakula chake ni wadudu walio hai kama vile panzi, nyenje, nzi na nondo. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Wadudu waliotoka katika bustani au ua ulionyunyiziwa dawa huweza kumdhuru.

Jike anayechimba

Jike anayekwaruza pembe za kizimba na kushuka chini kila mara anatafuta mahali pa kutagia. Apewe chombo chenye mchanga au udongo wenye unyevu, kina chake kisipungue sentimita 20, kisha aachwe bila kutazamwa. Akikosa mahali pa kuchimba, mayai huweza kukwama tumboni na kumuua.

Mfugaji anapaswa kutofautisha kuhangaika na ugonjwa. Kinyonga anayefumba macho mchana, aliyebonyea macho, anayeanguka kutoka tawini au anayepumua kwa kinywa wazi akiwa hayuko juani anahitaji daktari wa mifugo upesi. Si kawaida ya kinyonga kuonyesha udhaifu mapema.

Kumshika mara kwa mara hakumtulizi. Kinyonga si mbwa wala paka. Mguso wa binadamu humwongezea hofu. Inapobidi ahamishwe, awekewe kijiti mbele yake apande mwenyewe, badala ya kubanduliwa kwa nguvu.

Sheria inasemaje?

Kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inahitaji kibali ili mtu afuge mnyamapori, na msimamizi wa sheria hiyo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Aidha, vinyonga wa jenasi za Chamaeleo na Trioceros wamo katika Kiambatisho cha 2 cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya pori.

Kwa hivyo, aliyeokotwa uani hivi karibuni anafaa kurudishwa kwenye kichaka kile kile alikotolewa. Hafai kupelekwa kwingine. Vinyonga wa Jackson waliopelekwa Hawaii, Marekani, kutoka Kenya mwaka 1972 waliingia porini, wakazaana na kuwa tishio kwa konokono na wadudu wa visiwa hivyo. Aliyekaa kizimbani kwa muda mrefu aripotiwe kwa KWS kabla ya kuachiliwa.

Imani na ukweli

Miongoni mwa Wakamba na jamii nyingine nyingi za Kibantu, husimuliwa kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea wanadamu habari za uzima, akakawia njiani. Chuki iliyotokana na masimulizi kama hayo, pamoja na dhana kuwa ana sumu, imewafanya wengi wampige mawe. Ukweli ni kwamba hana sumu. Akichokozwa huweza kuuma, lakini kuuma kwake hakuna madhara makubwa, na hula wadudu wengi bustanini.

Wakazi wa Lukenya wanaotaka kumtazama kinyonga akikua wana njia rahisi: kuacha ua wa miti ya asili usikatwe wote na kupunguza dawa za wadudu. Humo atapata jua, kivuli, matone ya umande na udongo wa kutagia, na mtoto ataweza kumwona kila siku bila kumfungia.