Injini ni Ileile

Nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo, kule Tanga, kulikuwa na bloku la injini ya Mini. Sisi watoto tulilikalia tukimenya machungwa. Kwenye silinda moja kulikuwa na tundu dogo, ukubwa wa punje ya kunde, na ukiingiza kijiti kilitokea upande wa njia za maji. Tuliamini ni tundu la risasi. Nilipokua ndipo Mama Mdogo aliponiambia kwamba tundu lile lilimla cherehani yake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, mteja mmoja alimletea Baba Mdogo Mini ya cc 848 iliyochoka. Alitaka ipande milima ya Lushoto bila kulia. Baba Mdogo alikuwa kijana, mkono wake mwepesi, na mfanyabiashara mmoja akamwuzia pistoni nne za Mini ya cc 1275. Akamhakikishia: “Injini ni ileile, chonga tu silinda.” Bloku likapelekwa karakana yenye mashine. Likarudi na tundu. Mteja alidai gari lake, vyombo vikauzwa, na cherehani ikaenda nayo. Tangu siku hiyo Baba Mdogo alijiita mjinga, na wenzake gerejini hawakumpinga.

Mwaka huu nimekaa na historia ya injini ile kwa wiki kadhaa, na nadhani anastahili hukumu nyingine.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo hatutaelewana. Ujazo wa injini ni nafasi ambayo pistoni zote huifagia zinapopanda na kushuka. Ujazo ukikua, injini inavuta hewa na mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko, na nguvu inaongezeka. Njia za kuukuza ni mbili: upanue silinda, au urefushe safari ya pistoni kwa kubadili krenki. Kupanua kunalipa haraka, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Ongeza kipenyo kwa asilimia 10, ujazo unapanda kwa asilimia 21. Lakini silinda inazungukwa na ukuta wa chuma, na nyuma ya ukuta kuna maji. Kila unachokiongeza ndani unakikata ukutani.

Injini ya Mini ilikuwa na umri tayari Mini ilipozaliwa. Kampuni ya Austin iliitoa mwaka 1951 kwenye gari la A30, ikiwa na cc 803 na nguvu za farasi 28 tu. Silinda zake zilikuwa nyembamba, milimita 58, na safari ya pistoni ndefu, milimita 76. Umbo hilo Waingereza walikuwa wamelizoea kwa sababu ya kodi. Tangu 1921 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, kodi ya gari Uingereza ilipimwa kwa kipenyo cha silinda na idadi yake, urefu wa safari ya pistoni haukuhesabiwa. Basi wahandisi wakakimbilia urefu. Kodi ilipofutwa, tabia ilibaki.

Kufikia 1956 injini hiyo ilikuwa imepanuliwa hadi cc 948. Mwaka huohuo ukaja mgogoro wa Suez, petroli ikawa ya mgao Uingereza, na wakubwa wa BMC wakamtaka Alec Issigonis abuni gari dogo linalokunywa kidogo. Issigonis, mzaliwa wa Smirna, akailaza injini kwa upana na kuweka giaboksi chini yake, kwenye oili ileile. Gari la majaribio lilikuwa na cc 948. Likakimbia karibu kilomita 145 kwa saa. Wakaogopa! Gari la familia, magurudumu ya inchi 10, mwendo ule? Wakafupisha safari ya pistoni hadi milimita 68.3, kipenyo kikabaki 62.9, zikapatikana cc 848 na nguvu za farasi 34. Mini ikaingia sokoni Agosti 1959.

Yaani historia ya kuikuza injini ya Mini inaanza na watu walioipunguza makusudi.

John Cooper hakuogopa. Magari yake ya mashindano, yenye injini nyuma, yalikuwa yamempa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1959 na 1960. Akawashawishi BMC, na mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper ya cc 997. Tazama walivyofanya: kipenyo kilipunguzwa kidogo, hadi 62.4, ila safari ya pistoni ikarefushwa hadi 81.3. Nguvu zikafika farasi 55. Magurudumu ya mbele yakapewa breki za diski, maana anayeongeza mbio lazima aongeze na namna ya kusimama.

Safari ndefu nayo ina gharama. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni ya milimita 81.3 hukimbia wastani wa mita 16 kwa sekunde. Ile ya 68.3 hukimbia chini ya mita 14. Tofauti hiyo inabebwa na krenki, vyuma vinavyoishika, na oili. Kwa gari la mbio, njia iliyobaki ilikuwa kupanua silinda, na hapo ndipo wahandisi walipokutana na ukuta uleule wa Baba Mdogo.

Walitaka kipenyo cha milimita 70.6. Bloku la zamani halikuwa na nafasi hiyo. Kumbe hawakulichonga. Walilisubu upya: silinda mbili za pembeni zikasogezwa nje, mbili za katikati zikakaribiana, ili chuma cha kutosha kipatikane kila upande. Krenki ikatengenezwa kwa chuma bora kilichoimarishwa. Hiyo ndiyo Cooper S ya 1963, cc 1071, nguvu za farasi 70. Mwaka uliofuata wakairefushia safari hadi 81.3 wapate cc 1275 na farasi 76, na hapo tena bloku likaongezwa kimo.

Januari 1964 Paddy Hopkirk na Henry Liddon walishinda Monte Carlo kwa ile ya 1071, mbele ya Ford Falcon yenye silinda nane. Tuseme ukweli, kanuni za mashindano ziliyapa nafuu magari yenye injini ndogo, na Falcon ilikuwa na kasi zaidi kwenye hatua za kupimwa muda. Lakini Mini ikarudi kushinda 1965 na 1967. Kwetu Afrika Mashariki, ambako barabara ni shimo na tope, sifa za gari dogo zilikwenda kwa Volkswagen ya Kobe, iliyotawala Safari Rally ya 1954, 1957 na 1962.

Sasa rudi Tanga. Pistoni alizouziwa Baba Mdogo zilikuwa za milimita 70.6. Bloku lake lilikuwa la 62.9. Karibu milimita nane, kwenye chuma ambacho mafundi wenye uzoefu hawaongezi hata mbili. Alipaswa kupima ukuta kwanza, hilo halina utetezi. Ila maneno “injini ni ileile” yalikuwa nusu ya kweli: ukoo ni uleule, bloku siyo. Wenye kiwanda walipofika pale alipofika yeye, walikwenda kwenye tanuri. Yeye alikuwa na gereji ya makuti na neno la muuzaji.

Nilimpigia simu nikamsomea namba hizi moja moja. Alinyamaza kidogo.

“Kwa hiyo na Wazungu halikuwatosha lile bloku?”

“Halikuwatosha, Baba. Wakasubu jingine.”

“Sisi tungesubu wapi, mwanangu?” Akacheka, kicheko cha kukohoa. Kisha nikamsikia anaita, “Mama Salma! Njoo umsikie huyu.”

Mama Mdogo akapokea simu. Nikarudia yote, toka mwaka 1951. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza: “Na cherehani yangu, hao walioandika wameiandika?”