Kioo cha Kamera: Kuja Kwake na Kuondoka Kwake

Mwaka 1959 kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ilitoa kamera iliyoitwa Nikon F, na mdomo wa kamera hiyo, yaani pete ya chuma ambamo lenzi hufungwa, ulikaa milimita 46.5 mbele ya filamu. Umbali huo haukuwekwa kwa bahati nasibu. Ulikuwa nafasi ya kukaa kioo kimoja kidogo, kilichoinama kwa nyuzi 45, ambacho kila picha ilipopigwa hakikuwa na budi kuinuka na kushuka pasipo kugusa kitako cha lenzi. Na kwa muda wa takriban miaka sitini lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya mdomo huo, ziwe za kupigia nyuso za maharusi au za kumvuta simba aliye mbali, zilisanifiwa kwa kuzitii milimita hizo 46.5. Agosti 2018 kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa jina lake ni Nikon, ilitangaza kamera ya Z7, umbali ukapungua hata ukafika milimita 16, na kioo hakimo tena.

Mtu asimamaye leo mbele ya kabati la duka, mkono mmoja ameshika DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo, na mkono wa pili kamera isiyo kioo, aghalabu huhadithiwa wingi wa megapikseli na wepesi wa fokasi, hali tarehe ya kioo chenyewe ingemfaa zaidi kuliko hadithi zote hizo. Kioo kilikuwa jawabu la swali moja tu: jicho la mpiga picha litawezaje kuona kile kile kinachoonwa na lenzi, mpaka dakika ya mwisho kabla ya picha kupigwa? Jawabu lilipatikana, nalo likatozwa kodi, na mlipaji wa kodi akawa lenzi.

Swali hilo ni la zamani kuliko filamu. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri katika karne ya 11, aliandika katika Kitab al-Manazir namna nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Picha inayochorwa na nuru namna hiyo huwa imepinduka, kichwa chini miguu juu. Mwaka 1685 mtawa wa Kijerumani aitwaye Johann Zahn alichapisha michoro ya masanduku madogo yenye lenzi mbele na kioo kilichoinama ndani, ambacho huipeleka picha juu ya sanduku ikaonekana imesimama sawasawa. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuinasa picha hiyo, na watu walingoja zaidi ya miaka 150 kabla ya sanaa ya kupiga picha kutangazwa Paris mwaka 1839.

Ajabu ni kwamba sanaa ilipozaliwa, kioo hakikuchukuliwa. Wapiga picha wa karne ya 19, wakiwamo wale wa studio ya A. C. Gomes ya Unguja, walifanya kazi kwa kamera kubwa za mbao zilizosimama juu ya miguu mitatu. Fundi alijifunika kitambaa cheusi, akaitazama picha iliyopinduka nyuma ya kamera, akalinganisha fokasi, kisha akaingiza bamba lililopakwa dawa mahali pale pale alipokuwa akitazama. Na tangu hapo alikuwa kama kipofu, haoni tena kile ambacho lenzi inakiona. Mteja akijongeza kiti mbele kidogo, kazi imeharibika. Ndiyo maana wazee wetu katika picha za zamani wamekaa wima wakiwa wameikaza shingo: si kiburi wala huzuni, ni amri ya fundi.

Mwingereza Thomas Sutton alipata hati ya ubunifu mwaka 1861 kwa kamera yenye kioo cha kuinuka, na mwanzoni mwa karne ya 20 kamera za Graflex za Marekani zilitumia hila hiyo zikasifika kwa waandishi wa habari, ingawa zilikuwa nzito mno. Lakini kamera iliyoigeuza sanaa hii, Leica ya mwaka 1925, kazi ya Oskar Barnack, haikuwa na kioo. Wanaodhani kuwa kamera isiyo kioo ni uzushi wa karne hii na waitazame Leica: ndogo, nyepesi, kimya. Ila yake ilikuwa kwamba jicho lilichungulia katika tundu lake na lenzi ikatazama kwa njia yake. Kwa vitu vya mbali tofauti hiyo haidhuru, lakini kwa vitu vya karibu kichwa cha mtu huweza kukatwa pasipo mpigaji kujua, na kwa lenzi ndefu tundu lile halifai kitu. Tena, kwa kuwa hapakuwa na kioo cha kuikinga shata ya kitambaa, yaani pazia lililo mbele ya filamu, kamera za namna hiyo zikiachwa zikilikabili jua, lenzi huweza kulikusanya jua hilo na kuichoma shata ikatoboka.

Baada yake, mwaka 1929, ilikuja Rolleiflex ya Ujerumani yenye lenzi mbili, moja ya kupigia na moja ya kutazamia, na kioo chake kilitulia tuli bila ya kuinuka. Kamera za ukoo huu zilikaa miaka mingi katika studio za Afrika Mashariki. Wenye umri mkubwa wanamkumbuka fundi aliyeinamisha kichwa juu ya kisanduku kilichoning'inia kifuani. Katika mtaa ambao sasa ni Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, iko Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwa Gomes. Na nyumba hiyo imeziona karibu zama zote nitakazozisimulia tangu hapa.

Kioo cha kuinuka kilirudi kwa nguvu mwaka 1936, pale Ihagee wa Dresden walipotoa Kine Exakta kwa filamu ya milimita 35. Bado kilikuwa na taabu mbili. Kwanza, mtazamaji alitazama kwa juu na picha ikawa imegeuka, kulia kushoto, hata ukimfuata mtu anayetembea mkono wako ulikwenda upande usio wake. Taabu hiyo iliondolewa na Contax S ya mwaka 1949, iliyowekewa juu yake prizimu ya pembe tano inayoirudisha picha katika hali yake. Pili, kioo kikishainuka kilibaki juu, tundu likawa giza mpaka filamu ivutwe tena. Wahungari walijaribu kulitatua tatizo hili kwa kamera yao ya Gamma Duflex mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini aliyelieneza jawabu kwa watu wengi ni Asahi wa Japani kwa Asahiflex IIb ya mwaka 1954, ambayo kioo chake kilirejea chenyewe mara baada ya picha. Nikon F ilizikusanya hikima hizi zote katika mwili mmoja imara, na hapo kioo kikatawala.

Inafaa kukitazama kikifanya kazi, kwa kuwa DSLR ya leo haikuibadili desturi hiyo. Nuru hupita katika lenzi, hukipiga kioo, hupanda katika prizimu, huzunguka humo na kutoka katika tundu la jicho. Katikati ya kioo pana sehemu inayopitisha nuru kidogo, na nyuma yake kimejificha kioo cha pili, kidogo zaidi, kinachoitupa nuru hiyo chini, kwenye kifaa cha fokasi kilicho sakafuni mwa kamera. Kidole kikibonyeza, vioo vyote viwili hukunjwa kuelekea juu, shata hufunguka na kufunga, vioo hushuka na kutulia. Haya yote hutendeka katika sehemu ndogo ya sekunde, na ule mlio wa kamera ambao kila mtu anaujua kwa sehemu kubwa ni sauti ya kioo kikigonga juu na kikirudi chini.

Sasa tuitazame kodi. Lenzi ya upeo mpana kwa tabia yake hupenda kukaa karibu sana na filamu, na kioo kimeshaimiliki nafasi hiyo. Mfaransa Pierre Angénieux aliipatia dawa mwaka 1950 kwa lenzi ya milimita 35 iliyopangwa vioo vyake kinyume, ili isimame mbali na bado ione kwa upana. Lakini dawa yenyewe ni vioo vingi zaidi, uzito zaidi na gharama zaidi. Nikon wenyewe walipoitengenezea Nikon F lenzi ya milimita 21, kitako chake kiliingia ndani mno hata ikalazimu kioo kifungwe juu moja kwa moja na tundu jingine la kuchungulia libandikwe kileleni mwa kamera. Yaani katika kamera iliyosifiwa kwa kioo chake, lenzi hiyo ilitumika kana kwamba kioo hakipo! Fauka ya hayo, kifaa cha fokasi kilichoko sakafuni hupima mahali pasipo pale picha inaponaswa, na tofauti ya unywele mmoja kati ya sehemu hizo mbili hutosha kuipeleka fokasi kwenye sikio badala ya jicho. Ndiyo sababu DSLR za bei kubwa huja na nafasi ya kurekebisha kila lenzi peke yake.

Zama za dijitali hazikukiondoa kioo mara moja. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda chombo cha kilo zipatazo 3.6 kilichoandika picha ya nukta 10,000 kwenye kaseti kwa muda wa sekunde 23. Mwaka 1991 Kodak walikichukua kiwiliwili cha Nikon F3, wakakitia kihisi cha nuru cha megapikseli 1.3, na mnunuzi akabeba begani sanduku la kuhifadhia picha. Nikon D1 ya 1999 na Canon EOS 300D ya 2003, iliyouzwa Marekani chini ya dola 1,000, ziliufungua mlango kwa watu wengi, na zote zilikuwa na kioo. Hapakuwa na njia nyingine ya haki: viskrini vya wakati huo vilikuwa hafifu, na jicho la mtu lisingekubali kuiachia nuru halisi kwa ajili yake.

Mwaka wa kugeuka mambo ni 2008. Panasonic walitoa Lumix G1, kamera isiyo kioo, ambayo tundu lake la jicho lina kiskrini kidogo kinachoonyesha kile kinachoonwa na kihisi. Nami naona dalili kubwa zaidi ilitokea mwaka huo huo kwa upande wa pili: Nikon D90 na Canon EOS 5D Mark II zilianza kurekodi video, na kamera haiwezi kurekodi video mpaka kioo chake kiinuke na kubaki juu, prizimu iwe giza, na mpigaji atazame skrini ya nyuma. DSLR ilipojifunza kazi hiyo mpya ilijifunza kwa kukiweka kando kioo chake. Yaliyofuata yalikwenda upesi. Sony A7 ilikuja 2013 na kihisi chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35. Sony A9 ya 2017 ilipiga picha 20 kwa sekunde kimya kabisa. Mwaka 2018 Nikon na Canon wakaingia kwa midomo ya Z na RF. Na Nikon Z9 ya 2021 haina hata shata ya chuma.

Je, mwenye DSLR aitupe? Hasha. Nikon D850 hupiga picha 1,840 kwa betri moja kwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji, na Z7 hupiga 330, kwa kuwa kihisi na skrini hula umeme hata mpigaji anapotazama tu. Na aliye porini pasipo umeme hesabu hiyo anaifahamu bila ya kufundishwa. Kwa uzito, D850 na betri yake ni gramu 1,005, na Z7 ni 675, tofauti inayohisiwa shingoni jioni ya harusi. Katika ukumbi wa giza tundu la skrini humwonyesha mpigaji picha itakavyotoka kabla hajapiga, na katika nikaha ukimya ni adabu. Lakini ukimya huo una shuruti: vihisi vingi husoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa za LED michirizi ya giza huweza kuonekana juu ya shela la bibi harusi, hapo ni afadhali kuirudisha shata ya chuma.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Ukitoa lenzi ya DSLR, kioo na shata vimekifunika kihisi. Ukitoa ya kamera isiyo kioo, kihisi chaweza kuwa wazi kama jicho lisilo kope, ingawa baadhi, kama Canon EOS R, hufunga shata zikizimwa. Anayefanya kazi Serengeti wakati wa kiangazi na azime kamera, aigeuze mdomo chini, na abadili lenzi ndani ya gari vioo vikiwa vimepandishwa.

Kubwa kuliko yote ni lenzi. Kwa kuwa kamera mpya ina umbali mfupi, nafasi iliyoachwa na kioo huweza kujazwa na adapta: milimita 30.5 kwa lenzi za Nikon F kwenda Z, milimita 24 kwa lenzi za Canon EF kwenda RF. Kinyume chake hakifanyi kazi. Lenzi mpya juu ya DSLR haiwezi kutoa fokasi ya mbali, maana haina pa kusogea nyuma. Kwa hiyo lenzi za zamani ni mali inayovuka, na anayeanza kwa akiba ndogo hakosei akinunua DSLR iliyotumika pamoja na lenzi nzuri, mradi aulize shata imepiga mara ngapi. Jambo moja la kuangalia: adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina mota ndani, na lenzi za AF-D, ambazo zilizungushwa na mota ya kamera, zitahitaji fokasi ya mkono.

Na kwa sisi wa pwani, kabla ya kutoa fedha, lenzi na ifunguliwe vifuniko vyote viwili, imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, itazamwe kutoka mbele kwa mshazari. Nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, zawadi ya unyevu wa bahari, na lenzi yenye kuvu isinunuliwe wala isiwekwe sanduku moja na nzima.