Olkaria: Robo Karne ya Kuusubiri Mvuke

Mwaka 1956 mitambo ya kuchimba ilifikishwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, kutafuta kitu ambacho kila mpita njia alikiona bila kushika sururu. Mvuke ulifuka kwenye nyufa za majabali tangu zamani. Wamaasai walichunga ng'ombe kando yake. Huko Eburru, ng'ambo ya ziwa, watu waliutega, wakaupoza na kupata maji mahali pasipo na mto. Katika miaka ya 1930 walowezi nao walikuwa wakikaushia pareto kwa joto hilohilo. Hakuna aliyebisha kwamba chini kuna moto. Ubishi ulikuwa juu ya gharama ya kuufuata.

Jibu la kwanza halikumfurahisha mtu. Kisima X-1 kiliishia mita 502. X-2 kilishuka hadi mita 942, kikakuta joto la nyuzi 235 za Selsiasi, lakini mvuke haukutoka kwa nguvu ya kuendesha chochote. Kazi ikaachwa. Jambo la kukera ni kwamba mwaka 1958, New Zealand ilifungua kituo cha Wairakei na kuonyesha kuwa hata eneo linalotoa maji mengi ya moto yaliyochanganyika na mvuke linaweza kuzalisha umeme kwa wingi. Italia ilikuwa imeanza zamani zaidi: Larderello iliwasha taa zake za kwanza za majaribio mwaka 1904. Hata ndani ya Afrika, Kenya haikuwa ya kwanza. Huko Kiabukwa, Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtambo mdogo wa kilovati 200 ulitumia maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 91 kuipatia umeme kampuni ya madini. Baadaye ulizimika, na leo wachache wanaukumbuka.

Olkaria ililala zaidi ya miaka 10. Mwaka 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ilianza kupima upya Bonde la Ufa, kutoka Ziwa Bogoria hadi Olkaria. Wataalamu walichunguza kemia ya chemchemi na jinsi miamba inavyopitisha umeme, kisha wakaichagua Olkaria. Mwaka 1973 wakachimba OW-1, mita 1,003. Kikawa baridi! Joto lake lilikomea karibu nyuzi 126, nacho hakikutoa mvuke.

Hapo ndipo mradi ungeweza kufa mara ya pili. Lakini mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na nchi isiyo na kisima hata kimoja cha mafuta haikuwa na anasa ya kukata tamaa. Keekee ikahamishiwa sehemu nyingine, OW-2 kikachimbwa mita 1,350, na safari hii mvuke ukaja. Kufikia 1976 visima virefu vilikuwa sita na hesabu za kujenga kituo zilikuwa mezani.

Ugumu wenyewe uko hapa: mwamba wa moto peke yake hauzalishi kitu. Lazima kuwe na maji, na lazima kuwe na nyufa za kuyapitisha; ukikosa kimoja umechimba shimo la bei ghali. Kazi huenda usiku na mchana. Keekee inasaga mwamba, matope maalumu yanapigwa chini kwa pampu ili yapoze chuma na kupandisha vumbi la mawe, kisha mabomba ya chuma yanateremshwa na kuzungushiwa saruji ili kuta zisiporomoke. Maji ya kazi hiyo hutoka Ziwa Naivasha. Siku hizi visima hufika mita 3,000, na vingine hupindishwa huko chini kuifuata mipasuko. Vikishakamilika huachwa vipate moto tena, kwa kuwa uchimbaji wenyewe huvipoza. Ni baada ya kuvifungua, kwa mngurumo unaosikika mbali, ndipo mafundi hujua wamepata nini.

Mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa 1981, miaka 25 baada ya X-1. Wa pili ulifuata mwaka uliofuata, na wa tatu 1985. Basi kituo hicho kina umri mkubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate inayokizunguka, iliyotangazwa 1984.

Baada ya hapo mwendo ukapungua, kwani mabwawa ya Mto Tana yalionekana kutosha. Ukame wa 1999 na 2000 ulivunja imani hiyo: mito ilikauka, mgao wa umeme ukaingia majumbani na viwandani. Kampuni binafsi ya OrPower 4 ilianza kuzalisha Olkaria mwaka 2000, ikitumia pia visima vilivyokwisha kuchimbwa kwa fedha za umma. Huo ndio utaratibu uliopewa chombo chake rasmi mwaka 2008 ilipoundwa kampuni ya serikali ya GDC: umma ubebe hatari ya kuchimba, mwekezaji aje akiwa na uhakika wa mvuke. Ni mpango wenye akili, ingawa mlipa kodi hulipia visima vikavu bila kuulizwa.

Wengine walilipa kwa ardhi. Mwaka 2014, wakati Olkaria IV ya megawati 140 ikikamilishwa, familia za Wamaasai wa vijiji vinne zilihamishiwa makazi ya RAPland. Baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na suala likaingia kwenye usuluhishi.

Uchimbaji uliendelea. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, GDC ilianza kuchimba mwaka 2011, na baadhi ya visima vikagonga mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha takriban mita 2,100. Leo mvuke huipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake. Wahandisi wengi wa Kenya wamesomea fani hii Iceland, katika mafunzo yaliyoanza kutolewa huko 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Sasa wao ndio wanaoitwa: KenGen, kampuni inayomiliki vituo vingi vya Olkaria, imepata kandarasi za kuchimba Ethiopia na Djibouti.