Mpaka wa Sheria katika Metali

Shaba tunaijua: inachimbwa Katanga, na nyuzi zake zapeleka umeme. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa metali moja yenye shaba ndani yake iliwatia wenye elimu mashaka makubwa. Tuhadithie habari hiyo kwa kifupi.

Umeme upitao katika metali ni mwendo wa elektroni, chembe ndogo mno zinazosukumana daima. Mwaka wa 1956 Lev Landau wa Moscow alifundisha hivi: ijapokuwa zinasukumana, baridi ikizidi kila moja yaenda kama peke yake, ila imekuwa kama nzito zaidi. Zikigongana, zinazuia umeme kwa kipimo hiki: joto, likihesabiwa tangu baridi ya mwisho, yaani digri 273 chini ya sifuri, likipunguka nusu, kizuio hicho kinashuka hata robo.

Sheria hiyo ilistahimili majaribu. Mwaka wa 1975 ilionekana kwamba katika metali ya seriamu na alumini elektroni zaenda kana kwamba uzito wao umezidi mamia ya mara. Hata hivyo sheria ilisimama.

Kisha, mwaka wa 1994, huko Karlsruhe katika Ujerumani, Hilbert von Löhneysen na wenzake waliitwaa metali ya seriamu na shaba, wakatia dhahabu kidogo mahali pa shaba. Pasipo dhahabu, sumaku ndogo za ndani hazijipangi. Dhahabu ikizidi kiasi, zinajipanga. Na mpakani hasa elektroni ziliiacha sheria: joto likipunguka nusu, kizuio kiletwacho na joto kilipunguka nusu tu, si robo.

Sababu ni nini? Maji yakigeuka barafu, ni joto lililopunguka. Huku badiliko latoka katika kipimo cha dhahabu. Hata karibu na baridi ya mwisho sumaku zile hazitulii. Zinasitasita kati ya kujipanga na kutojipanga, na elektroni zinasumbuliwa nazo. Lakini namna yake hasa, wenye elimu hawajapatana mpaka leo.

Basi, tusiseme Landau alidanganya. Sheria yake ingali kweli katika metali nyingi. Kilichovumbuliwa ni mpaka wake. Nasi tunaofundisha vijana, tukiwapa sheria tuwaonyeshe na mpaka wake. Maana kijana asiyeonywa, siku atakapoiona sheria moja imeshindwa, atayatupa yote aliyofundishwa.