Tabaka nene la mchanga la pembeni

Tabaka nene la mchanga la pembeni ni chombo, mara nyingi ndoo ya lita 20, kilichojazwa mchanga laini na kuunganishwa kwa mabomba na akwariamu ya maji ya chumvi ili kupunguza nitrati. Nitrati hutokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula: bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ikizidi hustawisha mwani na kudhoofisha matumbawe. Mchanga hufika kina cha sentimita 15 au zaidi. Bakteria wa juu humaliza oksijeni. Wale wa chini, wakiikosa, hutumia nitrati badala yake na kuibadili kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini. Matokeo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Uangalifu mkubwa unahitajika katika mwendo wa maji: yapite juu ya mchanga kwa kasi, kwani uchafu ukituama huoza na kuwa chanzo kipya cha nitrati. Mchanga haukorogwi, maana chini huweza kujengeka hidrojeni salfaidi, sumu kali kwa samaki. Ukiharibika, chombo hutenganishwa bila kuigusa akwariamu yenyewe, jambo lisilowezekana mchanga huo ukiwa ndani yake.