Kadi ya Mary Sumner na Akina Mama Waliobaki Nje

Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford kusini mwa Uingereza, mke wa kasisi aliwaalika akina mama wa parishi nyumbani kwake. Mary Sumner alikuwa na umri wa miaka 47. Binti yake Margaret alikuwa amejifungua karibuni, na kuzaliwa kwa mjukuu kukamkumbusha jinsi uzito wa malezi ulivyomwelemea yeye mwenyewe alipopata mtoto wake wa kwanza. Wageni walifika, wenye nacho na wasio nacho. Woga ukamshika, akawaomba warudi wiki inayofuata. Waliporudi, alisema nao.

Ujumbe wake ulikuwa kwamba kulea ni wito, na mama anahitaji kujifunza, kuomba na kushikwa mkono na wenzake. Kila aliyejiunga alipewa kadi ya kuweka nyumbani, ya kumkumbusha kwamba watoto wake ni wa Kristo tangu walipobatizwa, na kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa kuwalea kwa ajili yake. Ndivyo ulivyoanza Umoja wa Akina Mama, ambao Waanglikana wengi wa kwetu Afrika Mashariki wanauita tu Mothers' Union.

Kwa miaka 9 ulibaki jambo la kijijini. Mwaka 1885, kwenye kongamano la Kanisa mjini Portsmouth, Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alitakiwa kuwahutubia wanawake. Akamwachia nafasi hiyo Mary Sumner. Zama zile mwanamke kusimama jukwaani lilikuwa jambo la nadra. Alisimama, akanena, na muda si mrefu dayosisi ya Winchester ikaufanya umoja huo kuwa wake. Mwaka 1897 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wake. Wake za wamisionari wakauvusha bahari hadi Afrika Mashariki. Mwasisi wake alifariki mwaka 1921 akiwa na miaka 92.

Lakini nguzo ya kwanza ya umoja huo ilikuwa utakatifu wa ndoa, na ilitafsiriwa kwa ukali. Mwanamke aliyepewa talaka hakuruhusiwa kuwa mwanachama, hata kama alikuwa ametendewa ubaya na mumewe. Ni katika miaka ya 1970 tu ndipo katiba ya umoja ilipolegezwa, aliyeachika naye akakubaliwa.

Huku kwetu pigo lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1888, maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani tu. Aliyetaka ubatizo ilimbidi abaki na mke mmoja. Wale wengine, waliopika katika boma lile na kuzaa humo, walijikuta hawana mume wala kwao, na watoto wao wakawa wa mwanamke asiyetambuliwa. Nchini Uganda, ndoa ya pete, yaani ya kanisani, ikawa ndiyo inayomtenga mama wa umoja na jirani yake aliyeolewa kimila. Ilipita karne nzima kabla ya mkutano wa maaskofu wa Lambeth, mwaka 1988, kukubali kwamba mume mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wao wanaoamini, kwa ahadi ya kutoongeza mwingine, wala asilazimishwe kumwacha yeyote kati yao, kwa sababu ya dhiki ambayo ingewapata.

Leo umoja huo una wanachama zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na wengi wao ni Waafrika. Ndio wanaowafariji wafiwa, wanaowatembelea wazazi waliojifungua, wanaowafunda mabibi harusi. Hata hivyo, katika parishi nyingi za ukanda wetu, asiyefunga ndoa kanisani bado hawezi kuwa mwanachama kamili. Mama anayelea peke yake, ambaye mzigo aliousema Mary Sumner unamwelemea kuliko wote, huambiwa asubiri cheti cha ndoa.

Ndoa takatifu ni jambo jema, na Kanisa lina haki ya kuifundisha. Lakini Mungu wa Biblia alimsikia Hajiri, aliyefukuzwa pamoja na mwanawe hadi jangwani, bila kumwuliza habari za ndoa yake. Kadi ya kwanza ilimpa mama heshima kwa sababu ya mtoto aliyekabidhiwa. Parishi inayomfungulia mama huyo wa peke yake mlango haiyumbishi imani. Inatimiza kazi ambayo umoja huu uliundwa kuifanya.