Ufadhili wa Serikali kwa Masomo ya Ng'ambo: Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ufadhili wa serikali kwa masomo ya ng'ambo ni fedha, tiketi na nafasi ya chuo ambazo dola hutoa, yenyewe au kwa makubaliano na dola nyingine, ili raia akasome au akafanye utafiti nje ya nchi yake. Nchini Msumbiji, ambako ufadhili huu hujulikana zaidi kwa jina la Kireno, bolsa, kazi hiyo iko chini ya Instituto de Bolsas de Estudo, taasisi ya serikali iliyoko Maputo, inayotangaza nafasi zitolewazo na nchi kama Ureno, Algeria, Urusi, China, India na Brazili. Katika karatasi, nafasi hizo ni za kila raia aliyemaliza darasa la kumi na mbili kwa alama zinazotakiwa. Makala hii inazitazama kutoka wilaya za Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na Ibo katika jimbo la Cabo Delgado, ukanda wa Wamwani, Wamakonde, Wamakua na wasemaji wa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba mashindano ya bolsa huamuliwa miaka mingi kabla tangazo halijabandikwa. Huamuliwa na mahali ilipojengwa shule ya sekondari, na lugha inayosemwa darasani, na umbali wa ofisi inayoandikisha vizazi. Katika yote matatu ukanda huu umekaa upande wa hasara, na dola ilipofanikiwa kuufikia ni pale tu ilipoacha kumsubiri mwombaji ajitokeze mwenyewe.

Chimbuko la hasara hiyo ni la kikoloni. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929 Cabo Delgado na Niassa zilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa mkataba na Ureno na iliyojali kodi ya nyumba na kazi za shuruti kuliko shule. Serikali ya Lisbon iliposhika hatamu yenyewe haikubadilisha mengi. Kwa mapatano na Vatikani ya mwaka 1940 na sheria ya misheni ya 1941, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa Kanisa Katoliki. Kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde misheni ya Nangololo ilikuwa imefunguliwa tangu 1924. Pwani, ambako Uislamu una karne nyingi, shule ya padri ilinuka ubatizo, na wazazi wengi waliona heri mtoto abaki chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Watoto hao hawakuwa mbumbumbu. Masheikh na masultani wa huku waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na barua za karne ya 19 walizowapelekea maofisa wa Kireno zingali zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Ila hakuna chuo kikuu cha Ureno kilichoikubali elimu hiyo kuwa sifa ya kuingilia. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, makadirio yanayotajwa zaidi yalisema watu 93 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika, na katika chuo kikuu pekee, kilichoanzishwa Lourenço Marques mwaka 1962, wanafunzi weusi walihesabika kwa makumi tu.

Kabla ya hapo, njia ya kwenda kusoma ng'ambo ilipita ng'ambo ya Ruvuma, mto wa mpaka na Tanzania. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, ambaye mwenyewe alisoma Marekani, Oberlin na kisha Northwestern, na mwaka uliofuata Taasisi ya Msumbiji ikafunguliwa katika mji huohuo chini ya uongozi wa mkewe, Janet Mondlane, kwa fedha za kwanza kutoka Ford Foundation. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wakimbizi elimu ya sekondari ya kutosha ili wapokewe na vyuo vya Magharibi na vya nchi za kisoshalisti. Ugomvi haukuchelewa. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Chai, katika wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, na viongozi walitaka wanafunzi watumike kwanza, huku baadhi ya waliokwisha kwenda Marekani wakikataa kukatiza masomo. Mwaka 1968 ghasia za wanafunzi ziliifanya taasisi ifungwe. Ugomvi ule husimuliwa kama kisa cha uzalendo na ubinafsi. Kwa mtazamo wa makala hii ulikuwa pia ugomvi wa nani ashike orodha. Asiyekuwa ndani ya mtandao wa shule za chama hakuwa na mahali pa kuanzia, na shule hizo zilifuata jeshi, nalo jeshi lilikuwa na mizizi yake uwandani kuliko pwani. Filipe Nyusi, Mmakonde aliyezaliwa uwandani huko, Namaua, Mueda, mwaka 1959, alisoma shule ya FRELIMO Tunduru, Tanzania, na baadaye akapelekwa Chekoslovakia, ambako mwaka 1990 alihitimu uhandisi wa mitambo katika chuo cha kijeshi cha Brno. Kuanzia 2015 hadi 2025 alikuwa rais wa nchi.

Wapo wanaosema mfano huo unathibitisha upendeleo wa kabila, Mmakonde mbele na Mmwani nyuma. Malalamiko hayo yana uzito katika siasa za jimbo, na si kazi ya makala hii kuyapuuza. Lakini kama kabila lingeeleza yote, Wamakonde wa Palma na wa vijiji vya bondeni wangefaidi sawa na wa Mueda, nao hawakufaidi hivyo. Kinachoeleza zaidi ni shule: ilikuwa wapi, ya nani, na ilimpeleka mtoto hadi darasa gani.

Kipindi cha kisoshalisti ndicho chenye mafunzo mengi kuliko vyote. Kuanzia 1977 maelfu ya vijana wa Msumbiji walipelekwa Kuba, katika shule za bweni za kisiwa kilichopewa jina jipya la Isla de la Juventud mwaka 1978. Mwaka 1982 watoto karibu 900 kutoka majimbo yote walipelekwa Staßfurt, Ujerumani Mashariki, katika Shule ya Urafiki, wakakaa huko hadi 1988. Mengi yanaweza kulaumiwa hapo. Watoto walitenganishwa na wazazi kwa miaka, walikaa chini ya nidhamu kali, na waliporudi wengi hawakukuta viwanda walivyoandaliwa kuvitumikia. Nchi ilikuwa katikati ya vita vya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, na baadhi yao waliingizwa jeshini moja kwa moja. Hata hivyo, kwa swali la nani anaingia, mpango huu ulikuwa wa haki kuliko uliofuata. Dola haikungoja mtoto wa kijijini apande ngazi ambayo haikuwepo. Ilimchukua akiwa mdogo, ikamfundisha lugha na hesabu hukohuko, ikalipa kila kitu. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana. Ulioharibika ni ule wa kutokea. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na wafadhili wapya wakaja na taratibu zao, Msumbiji ilirithi mashindano ya wazi kwa wahitimu wa sekondari, na wachache waliuliza nini kimeachwa nyuma pamoja na usoshalisti.

Mashindano ya wazi huonekana vizuri yanaposomwa kwa kufuata karatasi zenyewe. Mwombaji hudaiwa kitambulisho cha taifa, cheti cha darasa la kumi na mbili kilichothibitishwa, pasipoti, cheti cha afya, hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, na mara nyingine tafsiri rasmi. Kwa kijana wa Maputo hizo ni ofisi za mji mmoja. Kwa wa Palma, sehemu kubwa ya hizo maana yake ni Pemba, mji mkuu wa jimbo, safari ya kilomita zipatazo 400 kwa barabara ambayo kwa miaka kadhaa ilipitika kwa msafara wenye ulinzi au haikupitika kabisa. Muda wa tangazo huhesabiwa kwa wiki. Halafu kuna vita vyenyewe. Mocímboa da Praia ilishambuliwa mara ya kwanza na waasi wenye itikadi kali za Kiislamu tarehe 5 Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020 na kukaa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Kufikia 2022 wakimbizi wa ndani walikuwa wamepindukia milioni moja. Waliokimbia usiku kwa miguu au kwa mashua hawakubeba vyeti, na waliokwenda kuomba nakala walikuta majengo ya serikali yamechomwa pamoja na madaftari yake. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamewasaidia wengi kupata upya hati za kuzaliwa na vitambulisho. Katika ukanda huu kazi hiyo, inayohesabiwa kuwa msaada wa dharura, ni sehemu ya sera ya elimu ya juu, hata kama haiko katika bajeti yake.

Gesi iliweka hesabu yote wazi. Maeneo makubwa ya gesi ya bonde la Ruvuma yaligunduliwa mwaka 2010, na tangu siku hiyo ilijulikana kwamba Palma itahitaji wahandisi, mafundi na wanasheria. Chukua mtoto aliyekuwa darasa la tano Palma mwaka huo. Kama hakuwahi kurudia darasa, angemaliza la kumi na mbili mwaka 2017, mwaka vita vilipoanza, na vilianza Oktoba, kipindi wanafunzi wanapojiandaa kwa mitihani ya mwisho. Shahada ya uhandisi ingemchukua miaka minne au mitano zaidi. Maana yake, hata angeshinda bolsa kwa jaribio la kwanza, asingekuwa amehitimu kabla ya Palma kuvamiwa. Nafasi za masomo ya mafuta na gesi zilipotangazwa, basi, walioweza kuziomba ni waliokuwa tayari ndani ya mfumo, na hao walikuwa mijini. Hapakuhitajika njama yoyote.

Kuna njia ya pili ambayo makala nyingi za bolsa huiacha, nayo inastahili kuhesabiwa kwa sababu nayo hulipwa na serikali. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa na Saudi Arabia mwaka 1961, huwalipia wanafunzi wa kigeni ada, bweni, posho na tiketi. Al-Azhar ya Misri na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika mjini Khartoum nazo zimepokea vijana wengi wa Afrika Mashariki. Njia hii iliweza kufika pwani kwa sababu moja rahisi: inapokea Kiarabu na Kurani kuwa mtaji, yaani ile elimu ambayo Ureno iliikataa. Tangu 2017 imetazamwa kwa shaka, kana kwamba mwanafunzi anayerudi kutoka Khartoum amerudi na bunduki. Shaka hiyo haikutoka hewani, kwani watafiti wa uasi wa Mocímboa da Praia wameeleza mahusiano na wahubiri kutoka nje ya mipaka. Lakini Baraza la Kiislamu la Msumbiji, lililoundwa 1981 na ambalo viongozi wake kadhaa walisoma katika nchi za Kiarabu, lilipingana na kikundi cha waasi na kuionya serikali kabla risasi haijalia. Tatizo la njia hii liko kwingine: shahada yake haifungui mlango wa ofisi inayofanya kazi kwa Kireno, na anayerudi hubaki na madrasa tu ya kufundishia. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, hata masomo ya Khartoum yalikatizwa.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kutenga nafasi kwa wilaya, na pingamizi lake linajulikana: sifa zitashuka, na anayestahili ataachwa. Uzoefu wa nchi nyingine hauungi mkono hofu hiyo moja kwa moja. Sheria ya Brazili ya 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma, na tafiti nyingi hazikuona wanafunzi hao wakianguka nyuma ya wenzao kwa kiasi kilichobashiriwa. Uganda nayo ilianza mwaka 2005 kutenga nafasi za serikali kwa wilaya, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipoonekana: familia zenye uwezo zilijifunza kumwandikisha mtoto wa Kampala kwa jina la wilaya ya babu yake. Kwa Cabo Delgado onyo la Uganda lina faida kuliko hofu ya sifa. Pingamizi la pili, kwamba fedha zingefaa zaidi shule za msingi, ni zito zaidi. Lakini sehemu kubwa ya gharama hulipwa na nchi zinazofadhili, na fedha hizo haziwezi kuhamishiwa madawati ya Quiterajo, Macomia, hata Maputo ikitaka. Kinachoweza kuhamishwa ni uchaguzi wa wapi zielekezwe. Ama kuhusu wasomi kutorudi, ukanda usio na wasomi wa kuwapoteza hauna sababu ya kuanza na hofu hiyo.

Inashangaza, kwa mfano, kwamba Tanzania haionekani sana miongoni mwa nchi ambako serikali huwapeleka vijana wa ukanda huu. Mtwara iko karibu zaidi na Palma kuliko Pemba, Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010, na mwanafunzi Mmwani angekuta mtaani lugha anayoielewa. Kiingereza cha chuoni kingemsumbua, kama Kirusi kinavyomsumbua anayepelekwa Moscow, ambaye hupewa mwaka mzima wa kujifunza lugha kabla ya masomo. Mwaka wa namna hiyo, ukiwekwa kabla ya maombi badala ya baada yake, pamoja na usaidizi wa hati, ungerudisha sehemu ya kile ambacho mipango ya Kuba na Staßfurt ilikifanya bila kuwachukua watoto wadogo kwa wazazi wao. Na ili wilaya zisijazwe kwa majina ya mababu, haitoshi orodha ya waliopata bolsa kuonyesha jimbo la kuzaliwa, kwa kuwa aliyelelewa Maputo na aliyekulia kijijini Mucojo, Macomia, wote huweza kuandikwa Cabo Delgado. Inatakiwa ionyeshe shule ya msingi aliyomalizia mwombaji.